STIMA IKIPOTEA, TUSITUPE LAWAMA KWA BAHATI



Katika mikutano miwili iliyopita ya tawi letu la Changamwe, jambo lililozungumzwa zaidi halikuwa mshahara wala ovataimu. Lilikuwa ni stima. Ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa friji yake imeungua. Mwingine akasema mkewe amemwaga samaki wa biashara nzima ya juma. Wa tatu, ambaye ni kibarua katika kiwanda kimoja, akasema alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi kwa kuwa mashine zimesimama, na siku ile hakuandikiwa. Halafu mzee wetu mmoja akainuka akasema, "Stima ni kama mvua, huja ipendapo." Watu wakacheka, na mkutano ukafungwa.

Sisi hatukucheka sana. Kwa mawazo yetu neno lile la mzee, pamoja na heshima tunayompa, ndilo linalotuponza. Mvua haina mwenyewe. Stima ina mwenyewe, ina njia ipitayo, ina watu waiendeshao, na ikizimika iko sababu, na sababu hiyo yaweza kujulikana. Mfanyi kazi asiyeijua hulipa mara mbili: hulipa kwa chakula kilichooza, tena hulipa kwa kukosa la kusema anapofika mbele ya meza ya mtu wa ofisi.

Giza si la namna moja, na kabla ya kumtukana mtu yafaa kwanza utoke nje uangalie.

Liko giza la nchi nzima. Hili lina makelele mengi magazetini, lakini kwa hesabu ya saa si hilo linalotula zaidi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mashine nyingine zikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu. (Tumbili alipona.) Tarehe 11 Januari 2022 milingoti ya chuma ya laini kubwa itokayo Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na ilisemwa ya kuwa vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Na katika mwaka 2023 sehemu kubwa ya nchi ilizimika tarehe 25 Agosti, 11 Novemba, na 10 Desemba.

Wanachama wengi wametuuliza: sisi twakaa chini ya moshi wa Kipevu, mitambo ya stima twaisikia ikinguruma, kwa nini tuzimikiwe kwa ajili ya tumbili wa Gitaru? Swali hili ni zuri, na jawabu lake ni hili. Stima ya nchi haiwekwi ghalani kama mahindi. Inayotengenezwa sekunde hii ndiyo inayotumika sekunde hii. Mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Loiyangalani, stima inunuliwayo Ethiopia tangu mwisho wa mwaka 2022, na mitambo ya Kipevu, yote imefungwa pamoja katika waya mmoja, na mashine zote huenda kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde. Ni kama makuli wanaobeba mzigo mmoja mrefu mabegani. Mmoja akitoka ghafula, uzito huwashukia waliobaki, na mwendo wao hupungua. Kila mashine imewekewa mlinzi wa kuizima ikielemewa, maana isipozimwa itavunjika. Basi moja hujitoa, ya pili hujitoa, na kwa muda wa kupepesa macho mzigo wote uko chini. Kipevu nayo huzimika pamoja na wenzake.

Kuurudisha mzigo ule ni kazi ya polepole. Huanza kituo kimoja chenye uwezo wa kujiwasha chenyewe, kikapewa mtaa mmoja, kisha mwingine, kwa maana watu wote wakirudishiwa kwa pamoja, mashine zitaanguka tena. Ndiyo sababu Mikindani huweza kupata stima saa tatu na Magongo saa sita. Si kila mara ni upendeleo. Hatusemi upendeleo haupo kamwe. Twasema si kila mara.

Giza la namna hii hakuna mwanachama awezaye kulitengeneza. Ukiona mtaa wote mweusi, na ng'ambo ya Likoni nyeusi, na ndugu yako wa Nakuru akakwambia kwake pia, usimalize chaji ya simu kwa kupiga ripoti. Washa taa yako ukae.

Giza la pili ni la laini moja, ile ya volti 11,000 inayotoka kituo kidogo ikazunguka mitaa kadha wa kadha. Tawi la mwembe likiigusa, au lori likiugonga mlingoti, mitaa yote ya laini ile huzimika na ya jirani hubaki na mwangaza. Hapa kwetu pwani liko na jambo jingine. Chumvi ya bahari na vumbi hushika juu ya vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya. Wakati wa kiangazi hapana neno, lakini ikinyesha manyunyu ya kwanza, yale yasiyotosha kuosha, chumvi hulowa ikapitisha stima, na laini huruka. Kila mwaka watu hushangaa kwa nini mvua ndogo imezima stima kuliko mvua kubwa. Ni hiyo chumvi. Vikombe vikioshwa kabla ya masika shida hupungua, na hilo ni jambo ambalo twaweza kuliuliza kwa wakati wake, bila kungoja giza.

Giza la tatu ndilo linalotuua, nalo halitajwi magazetini. Ni la transfoma ya mtaa.

Transfoma ile mnayoiona juu ya milingoti miwili hupokea volti 11,000 ikazigeuza kuwa 240 za nyumbani. Hutoka na nyaya tatu zenye moto, ambazo mafundi huziita fezi, na nyumba hugawanywa: hizi fezi ya kwanza, hizi ya pili, hizi ya tatu. Ndiyo sababu mara nyingine nyumba yako ina giza na ya mkabala wake inawaka, nawe ukadhani jirani ana mkono na watu wakubwa. Hana. Fyuzi ya fezi yako imekatika, yake haijakatika.

Sasa tazameni mitaa yetu. Transfoma iliwekwa wakati wa nyumba za vyumba sita zenye glopu moja kila chumba. Leo nyumba ile ile imeongezwa ghorofa tatu, na kila chumba kina friji, pasi, televisheni, na koili ya kuchemshia maji. Saa moja ya jioni watu wametoka kazini, wote wawasha kwa pamoja, na fyuzi hukatika. Mafundi huja, hutia fyuzi mpya, hushukuriwa, huenda zao. Kesho saa moja hukatika tena. Mwisho mtu husikia uchungu akamwita fundi wa vichochoroni, akampa pesa, naye hupanda usiku akamhamisha kutoka fezi iliyokufa hadi fezi iliyo hai. Wa pili hufanya vivyo hivyo, na wa tatu. Fezi iliyokuwa hai nayo huzidiwa, na siku moja mtaa mzima husikia mshindo, mafuta ya transfoma yakawaka, na hapo si giza la saa mbili tena, ni giza la majuma.

Twajua ya kuwa baadhi ya waliofanya hivyo ni wanachama wetu, tena wengine ni wajumbe. Twawaambia waziwazi: aliyemhamisha mtu fezi usiku hakumpa stima, ameichukua kwa jirani. Sisi tusioruhusu mtu kuvunja mgomo kwa faida yake peke yake tutasemaje juu ya hili?

Giza la nne ni la nyumba yako peke yako, na hili twalipita upesi. Tazama swichi kubwa kama imeruka. Tazama mita. Ndugu mmoja ambaye hatumtaji alikaa gizani siku mbili akiilaani kampuni, kumbe tokeni zilikwisha. Iandike namba ya mita yako katika karatasi ukaibandike ukutani, maana simu ikizimika na namba imo ndani yake, huwezi kumwomba mtu akununulie.

Sasa tueleze habari ya daftari, kwa kuwa ndiyo hasa iliyotufanya tuandike.

Katika mtaa mmoja wa wanachama wetu, stima ilikuwa ikipotea karibu kila jioni. Wajumbe walikwenda katika ofisi inayohusika mara mbili. Mara ya kwanza waliambiwa hakuna ripoti yoyote juu ya mtaa ule. Mara ya pili waliambiwa mafundi walikwenda wakapima, wakakuta transfoma iko salama, na kama kuna shida basi ni wizi wa stima. Wajumbe walirudi wameinamisha vichwa, kwa kuwa hawakuwa na neno la kujibu.

Mke wa mwanachama mmoja wa mtaa ule huuza barafu za ukwaju na maji baridi kwa watoto wa shule. Mama huyu hakuwa akiandika habari za stima. Alikuwa akiandika biashara yake, katika daftari la shule la mwanawe: leo barafu kadha zimeuzwa, leo kadha zimeyeyuka, stima ilikwenda saa fulani ikarudi saa fulani. Alikuwa ameandika hivyo kwa miezi. Mjumbe mmoja aliliona daftari lile akaomba aliazime, na safari ya tatu walikwenda nalo.

Alilolisoma ni kijana mmoja mhandisi, na twampa sifa yake, alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akaona ya kuwa karibu mara zote stima hupotea kati ya saa moja na saa tatu za usiku, na Jumapili mchana haipotei. Akauliza mafundi wake walikwenda kupima saa ngapi. Walikwenda saa nne asubuhi, watu wako kazini na watoto wako shule. Saa nne asubuhi transfoma ile haina kazi, lazima iwe salama! Wakarudi usiku, wakapima, wakaona fezi moja imebeba karibu mtaa mzima. Nyumba ziligawanywa upya, na mwezi wa tano baadaye ikaja transfoma kubwa zaidi.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Friza ya mama yule iliungua katika siku zile, na barua yake ya fidia mpaka leo haijajibiwa. Risiti ya friza hana, ilipotea walipohama. Daftari linaonyesha tarehe, lakini bei ya friza wanabishana nayo. Twaifuata barua ile na tutawaambieni mwisho wake.

Watu wengi hawajui ya kuwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataja fidia kwa mtumiaji aliyepata hasara kwa sababu ya stima kukatika au kuja ikiwa mbovu. Na malalamiko yasiposikilizwa na kampuni, yaweza kupelekwa EPRA, yaani mamlaka inayosimamia mambo ya kawi na mafuta. Lakini hakuna ofisi duniani ilipayo kwa maneno ya mdomo. Twataka kila nyumba ya mwanachama iwe na daftari, na ndani yake yaandikwe haya: tarehe, saa stima ilipokwenda, saa iliporudi, kama ilikuja hafifu au kwa nguvu ya kupita kiasi, kitu gani kiliharibika, namba iliyopigwa juu ya mlingoti ulio karibu, na namba ya ripoti unayopewa unapopiga simu. Ukipiga simu usikubali kukata bila ya kupewa namba ile. Daftari moja la mtu mmoja ni malalamiko. Madaftari thelathini ya mtaa mmoja yenye saa zile zile ni ushahidi.

Juu ya kujitayarisha nyumbani tutasema machache. Wako wanaotushauri kila mtu anunue jenereta au betri kubwa na sola za paa zima. Shauri zuri kwa mwenye pesa. Kwa mshahara wa wanachama wetu, taa moja ya sola yenye mahali pa kuchajia simu yatosha kwa kuanzia, na chama chetu cha akiba na mikopo chaweza kuzinunua kwa pamoja kwa bei ya jumla. Halmashauri ya tawi imeombwa ilitazame jambo hili. Lakini taa ijaribiwe kila mwezi. Usiku wa 25 Agosti 2023 uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wenyewe ulikaa gizani, kwa kuwa jenereta ya sehemu moja ya uwanja ilikataa kuwaka. Ikiwa jambo hili liliwapata wao, tochi yako iliyo chini ya kitanda tangu mwaka juzi waiamini kwa nini?

Mshumaa na koroboi karibu na chandarua vimekwisha kuchoma vyumba vingi. Mwenye navyo aviweke ndani ya sufuria yenye mchanga, wala asilale vikiwaka. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kupika wakati wa giza, milango imefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke.

Friji isipofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa yaweza kushika siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, ikiwa mpira wa mlango ni mzima. Kwa joto la Mombasa na friji kuukuu punguza hesabu hiyo. Mwenye nafasi tupu katika friza aijaze chupa za maji, zigande, zitamsaidia. Stima ikipotea, chomoa friji na televisheni, uache glopu moja tu imewashwa ikuonyeshe inaporudi. Ikirudi ngoja dakika kumi kabla ya kuchomeka, maana mara nyingi huja ikipanda na kushuka, na hapo ndipo mashine za friji huungua. Mwenye dawa ya sukari aulize hospitali mapema jinsi ya kuihifadhi. Mtungi wenye mchanga uliolowa husaidia, ingawa hewa ya pwani ina unyevu na mtungi haupoi kama upoavyo kule Garissa.

Na maji yasisahauliwe. Maji ya Mzima huteremka yenyewe mpaka Mombasa, lakini ya Baricho, karibu na mto Sabaki, husukumwa kwa mashine za stima, na pampu za nyumba zetu nyingi pia. Giza refu huleta na kiu. Jaza mapipa wakati stima ipo.

Wale wachache wenye jenereta tuna neno nao zito. Yuko mtu achukuaye waya wenye plagi mbili za kiume, upande mmoja jenereta, upande mwingine soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Ndugu, transfoma haijui mbele wala nyuma. Volti 240 zikiingia kwa upande wa nyumba, hutoka upande wa pili zikiwa volti 11,000. Na juu ya mlingoti wakati ule yuko fundi wa laini, aliyeambiwa ya kuwa laini imezimwa. Naye ni mfanyi kazi kama sisi, ana chama chake, ana watoto wanaomngoja. Jenereta ifungwe na fundi mwenye leseni, kwa swichi ya kugeuzia itenganishayo nyumba na laini, au vyombo vichomekwe katika jenereta yenyewe. Mwanachama atakayeonekana na waya wa plagi mbili za kiume tutaomba aitwe mbele ya halmashauri.

Limebaki lile la kibarua aliyerudishwa saa tatu. Tajiri husema: stima si yangu, nami nimepata hasara. Ni kweli amepata hasara. Lakini yeye ana bima, ana hesabu ya mwaka ya kuiingiza hasara ile, na stima ikirudi hudai kazi ile ile ifanywe upesi. Mfanyi kazi alipanda matatu kwa pesa zake, akafika kwa wakati, akasimama tayari. Twaona ya kuwa katika mkataba wa pamoja ujao kiwekwe kipengele juu ya siku za giza, ya kuwa aliyefika kazini akarudishwa alipwe. Na vibarua wakumbuke kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja si kibarua wa kutwa tena mbele ya sheria. Siku uliyorudishwa nayo iandikwe daftarini, pamoja na saa na jina la msimamizi aliyekurudisha.

Wajumbe wa mitaa watapokea madaftari katika ofisi ya tawi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nane mchana. Yatanakiliwa na kurudishwa siku ile ile. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule, au amwambie mjumbe naye ataandika. Tangazo la mitaa itakayozimwa kwa matengenezo litabandikwa mlangoni kila linapotoka gazetini.